Mfumo mzito asubuhi? Angalia kwanza zamu ya bakapu

"Jamani, mfumo umeganda." Simu ya namna hii ikiingia saa mbili na nusu asubuhi kutoka duka la jumla la Mwanjelwa au ofisi ya SACCOS, hatukimbilii kutafuta virusi. Tunafungua ratiba ya bakapu, yaani kunakili data kwa akiba. Mara nyingi tunakuta kazi zote zimewekwa zianze dakika ileile: databesi ya mauzo, nyaraka za ofisi, video za kamera za ulinzi. Zote zinagombania diski moja, kunakucha hakuna iliyomaliza, na foleni ya wateja ndiyo hiyo imeshaanza.

Kuna na suala la saa. Seva nyingi za kukodi zinafuata UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi Tanzania tuko mbele kwa saa 3. Kazi iliyoandikwa 02:00, mtu akiwaza saa nane usiku, huku kwetu inaanza saa kumi na moja alfajiri.

Sisi databesi tunaitanguliza, maana mauzo ya jana hakuna atakayeyaandika upya kwa kukumbuka. Nyaraka zinafuata. Video zinakaa mwisho, na kusema kweli wateja wengi tunawashauri wasizitume nje ya ofisi kwa intaneti kabisa. Piga hesabu: laini inayopandisha Mbps 2, hata isipoyumba, inabeba kama GB 0.9 kwa saa. Usiku wa saa 8 haufikishi GB 8. Kamera nne tu zinaweza kujaza mara kadhaa ya hapo kwa siku moja.

Kazi ya kutuma nje hatuipangii saa ya kukisia. Ukisema "databesi itakuwa imeisha saa tisa, basi kutuma kuanze saa tisa na robo", mwisho wa mwezi mzigo unakuwa mkubwa, saa tisa na robo inafika bado haijaisha, na kinachotumwa ni faili nusu. Kwa hiyo kutuma kunasubiri databesi imalize salama. Tunaweka na kufuli, ili bakapu ya jana ikichelewa, ya leo isianze juu yake. Kwenye Linux video tunazishusha kwa amri ya `nice` 19, daraja la chini kabisa la kupewa nafasi ya prosesa, pamoja na `ionice` upande wa diski.

Halafu umeme. Cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa, hairudii kazi iliyopitwa mashine ikiwa imezimika: ukikatika saa saba usiku ukarudi alfajiri, bakapu ya usiku huo ndiyo imekwenda. Taima za systemd, njia nyingine ya kupanga kazi kwenye Linux, zina mpangilio wa `Persistent=true`, inayoianzisha kazi iliyopitwa mara seva inapowaka. Tunaiwasha kwa databesi peke yake. Video zikianza kulipa deni saa mbili asubuhi, mtatupigia tena simu ileile.

Ukitaka tukupangie, tuambie mnafunga saa ngapi kweli, siyo ile iliyobandikwa mlangoni. AMCOS ya Mbozi msimu wa kahawa inaweza kuwa bado inaingiza kilo za wakulima saa nne usiku, kwa hiyo ratiba yake ya Julai hatuifanyi sawa na ya Januari.