Barua kwa Mama Salma: kodi waliyoiona na pesa wasizoziona

Calgary, Alberta
12 Oktoba 2025

Mama Salma mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa Baba Salma na kwa wote hapo Tanga. Huku hatujambo, Alhamdulillah. Baridi imeshaanza, asubuhi inabidi nikwangue barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini. Watoto wako nyumbani tangu Jumatatu iliyopita kwa sababu walimu wa jimbo zima wamegoma. Najua wewe mwalimu ungetaka kusikia hilo kwanza, lakini nivumilie, nitalifikia.

Nianze na swali la mwanafunzi wako. Umesema mlipokuwa mnasoma habari za kodi ya kaboni ya Canada alisimama akauliza: kama serikali ilikuwa inakusanya kodi halafu inawarudishia wananchi pesa, kwa nini wananchi haohao waliichukia mpaka ikafutwa? Mpe hongera zangu. Hilo ndilo swali lenyewe, na huku vyama vimelizunguka kwa miaka sita bila kuligusa.

Kwanza wajue kodi yenyewe ilivyokuwa. Sheria ilipita mwaka 2018, na kutoza kukaanza 2019 kwa dola 20 kwa kila tani ya hewa ukaa. Ilipanda kila mwaka hadi ikafika dola 80 Aprili 2024. Mtu wa kawaida hanunui tani ya hewa ukaa, ananunua petroli. Kwenye sheli kodi ikawa senti 17.6 juu ya kila lita. Na nyumba za huku zinapashwa joto kwa gesi asilia, kwa hiyo bili ya gesi nayo ilikuwa na mstari wake ulioandikwa kodi ya kaboni, kila mwezi, na kiasi chake pembeni.

Sasa upande wa pili. Karibu asilimia 90 ya makusanyo hayo yalirudi kwa wananchi kila baada ya miezi mitatu. Hapa Alberta mtu mzima mmoja alipata dola 225, familia ya watu wanne dola 450. Kwa mwaka ni dola 1,800. Hukuulizwa umechoma mafuta kiasi gani, wala hukuombwa risiti. Wa gari dogo na wa gari kubwa walipewa sawa, na hapo ndipo ilipokuwa maana ya mpango mzima: anayechoma kidogo abaki na kitu mfukoni, anayechoma sana alipie.

Lakini kodi ilikuwa imeandikwa kwenye bili na marejesho yalikuwa yanaingia benki kimyakimya. Benki nyingine ziliyapa jina la jumla tu, lililoonyesha kwamba fedha zimetoka serikalini, basi. Serikali yenyewe iliona tatizo hilo ikayabadilisha jina mwanzoni mwa 2024 ili neno kaboni lionekane. Kufikia hapo kodi ilikuwa imeshatukanwa miaka mitano.

Kazini kwetu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuna fundi mitambo mmoja, mzee wa makamo, mtu mwema kabisa. Ndiye aliyenisukumia gari siku lilipokwama kwenye theluji. Nyuma ya piki-ap yake kulikuwa na kibandiko cha chama cha upinzani, Conservative, cha kutaka kodi ifutwe. Siku moja wakati wa mapumziko nikamwomba afungue akaunti yake kwenye simu tuangalie. Dola 225 zilikuwapo. Alidhani ni marejesho ya kodi nyingine. Tukachukua kikokotoo: ili kodi ya petroli peke yake izimalize zile 225, ingebidi achome karibu lita 1,280 kwa miezi mitatu. Akafikiri kidogo, akasema anajaza lita mia hivi kila wiki. Maana yake, Mama Salma, alikuwa anatoka sawasawa kwenye petroli, na ukimwongezea gesi ya nyumba alikuwa anapoteza. Malalamiko yake yalikuwa na haki. Ila hakuwa anajua kwamba anapoteza kiasi gani, na mimi mwenye gari dogo sikuwa nimewahi kukaa chini nikahesabu kwamba sisi tunafaidika. Tulikuwa tumeshabishana mara nyingi, yeye na mimi, na hakuna aliyekuwa na hesabu.

Nikamuuliza: je, ungekuwa unafaidika, ungebadilisha mawazo? Akanijibu bila hasira kwamba hapana, kwa sababu hawaamini watu wale wa serikalini.

Jibu hilo limenikaa moyoni. Na kutomwamini mtu kuna sababu yake, haitoki hewani. Oktoba 2023 serikali ya Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati ule, wa chama cha Liberal, iliondoa kodi hiyo kwa miaka mitatu kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto. Mafuta hayo hutumika zaidi kwenye majimbo ya mashariki, pwani ya Atlantiki, ambako chama hicho kilikuwa na wabunge wengi. Huku Alberta na Saskatchewan tunatumia gesi, na baridi yetu inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini gesi haikuguswa. Waziri mmoja alipoulizwa kwenye televisheni, akajibu kwamba labda watu wa huku wachague Liberal wengi zaidi. Hebu fikiria kauli hiyo inafikaje kwa mtu anayelipa bili Januari. Miaka yote waliambiwa kodi ni ya kuokoa dunia, kumbe ina wenyewe. Saskatchewan ikaacha kuikusanya kwenye gesi kuanzia Januari 2024. Mimi niliunga mkono kodi ile na hadi leo naamini ilikuwa sera nzuri, lakini nasema wazi kwamba waliokuwa wanaitetea ndio walioichimbia kaburi siku ile.

Wa upande wa pili nao hawakuwa wasafi. Waambie wanafunzi wako kwamba mwaka 2007 Alberta ilikuwa ya kwanza Amerika Kaskazini kuwatoza wachafuzi wakubwa wa hewa, na serikali iliyofanya hivyo ilikuwa ya Conservative. Mwaka 2021 Erin O'Toole, kiongozi wa Conservative taifa zima, aliingia kwenye uchaguzi na mpango wake mwenyewe wa bei ya kaboni. Mwaka uliofuata chama kikamwondoa, akaja Pierre Poilievre, na jambo ambalo jana lilikuwa ndani ya ilani likawa dhambi. Hakuna aliyewaeleza wanachama kilichobadilika.

Kulikuwa na ofisi ya bajeti ya Bunge, ambayo haina chama. Ikatoa hesabu: kaya nyingi zinarudishiwa zaidi ya zinachotozwa, lakini ukiongeza athari kwa uchumi mzima, kwenye ajira na mapato, nyingi zinapoteza. Liberal wakashika sentensi ya kwanza, Conservative wakashika ya pili. Kisha mwaka 2024 ofisi hiyo ikasema kwamba kwenye hesabu ile ya uchumi iliingiza kwa bahati mbaya na kodi ya viwanda vikubwa, ambayo ni tofauti na hii ya wananchi. Kazini kwetu sikumsikia hata mmoja akilitaja hilo.

Na hapa niseme kuhusu habari, maana wewe unanilaumu kwamba sijibu unayobandika Facebook. Siyaoni, dada yangu. Ukibandika habari ya Mwananchi, kwangu kinatokea kijisanduku kinachosema kwamba kutokana na sheria ya serikali ya Canada, habari haziwezi kuonekana nchini humu. Juni 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za mtandao zivilipe vyombo vya habari. Google ikakubali kutoa dola milioni 100 kwa mwaka. Meta, yenye Facebook na Instagram, ikakataa, na tangu Agosti mwaka ule imezima humo habari zote, za Canada na za nje. Mwezi huohuo moto wa nyika ulikaribia Yellowknife, mji mkuu wa eneo la kaskazini, na watu wapatao 20,000 wakahamishwa. Watu wanatafuta barabara ipi iko wazi, na hawawezi kubandikiana taarifa ya redio. Meta ikashikilia msimamo wake. Liberal wanailaumu kampuni, Conservative wanailaumu sheria, na kila mmoja ana kipande cha ukweli. Kilichobaki kwenye kurasa zile ni picha zenye maneno makubwa mekundu, ambazo hazikuzimwa kwa sababu hazihesabiki kuwa habari. Yule fundi alipata picha hizo kila siku. Hesabu ya ofisi ya Bunge hakuipata.

  

Basi mwisho wa kodi ulikuwa hivi. Trudeau alitangaza kujiuzulu tarehe 6 Januari mwaka huu, wakati kura za maoni zinaonyesha Conservative wako mbele kwa zaidi ya pointi 20. Trump akaanza na ushuru wake na maneno ya kuifanya Canada jimbo la 51. Liberal wakamchagua Mark Carney, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu ya Canada na kisha ya Uingereza, na mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya fedha za tabianchi. Aliapishwa 14 Machi, na siku hiyohiyo, mbele ya kamera, akatia saini ya kuiondoa kodi ya wananchi. Ya viwanda vikubwa ikabaki. Tarehe 1 Aprili petroli ikashuka. Tarehe 22 Aprili marejesho ya mwisho yakaingia benki. Siku sita baadaye tukapiga kura. Liberal wakapata viti 169 kati ya 343, hawakufikia wingi. Poilievre akapoteza kiti chake mwenyewe cha Carleton, ikabidi mbunge mmoja wa huku Alberta ampishe, akarudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Agosti. Katika viti 37 vya Alberta, Conservative walichukua 34.

Mwambie mwanafunzi wako kwamba kodi ile haikushindwa kwa hoja. Watu waliona inachochukua kila wanapojaza tangi, hawakuona inachorudisha, na waliokuwa na kazi ya kuwaonyesha walishughulika kuhesabu viti. Ninyi mliishi na tozo ya miamala ya simu mwaka 2021, mnajua mtu anavyoumia anapoona makato kwenye ujumbe wa simu kabla hajaliona darasa lililojengwa kwa makato hayo.

Sasa mgomo. Walimu wapatao 51,000 wa shule za umma, za Kikatoliki na za Kifaransa waliacha kazi tarehe 6. Serikali ya Danielle Smith, waziri mkuu wa jimbo letu, ilikuwa imeahidi nyongeza ya asilimia 12 kwa miaka minne na ahadi ya kuajiri walimu 3,000. Wakapiga kura, asilimia 89.5 wakakataa. Ukiwauliza, wengi hawaanzi na mshahara. Wanaanza na idadi ya watoto darasani. Kiongozi wa upinzani hapa ni Naheed Nenshi wa chama cha NDP, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021. Wazazi wake walitoka Tanzania, kwa hiyo hata wewe una haki ya kumfuatilia. Yeye yuko na walimu, na mabishano yameshakuwa ya vyama: ukisema madarasa yamejaa wewe NDP, ukisema watoto wanaumia kwa mgomo wewe ni wa Smith. Mimi nasema yote mawili na sioni ajabu.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Jimbo hili lilikuwa linakusanya na kutangaza idadi ya wanafunzi katika kila darasa. Mwaka 2019 serikali ikaacha. Kwa hiyo leo nchi nzima inatazama jimbo likibishana kuhusu ukubwa wa madarasa, na takwimu yenyewe iliondolewa mezani miaka sita iliyopita. Serikali badala yake inatupa wazazi dola 30 kwa siku kwa kila mtoto wa miaka 12 kushuka chini, mpaka mgomo uishe. Hizo zitaonekana vizuri sana kwenye akaunti, nakuhakikishia.

Binti yangu anasema kwao wako 34. Kwa mtoto wa jirani ni 38, na kati yao wapo waliofika mwaka huu bila Kiingereza, na mwalimu ni mmoja. Tumeanza kuziandika sisi wazazi, mtaa kwa mtaa, kwenye karatasi ya pamoja, na yule fundi naye ameniletea idadi ya darasa la mjukuu wake. Nitumie na zako, za kila mkondo unaoufundisha, na uniambie mnafanyaje kusahihisha madaftari ya wote hao. Kuna mwalimu mmoja hapa nataka nimsomee.

Msalimie Salma, mwambie vitabu vyake nimevipata, navituma na shangazi yake anayekuja Desemba.

Wako akupendaye,
Mama Yusufu