Shukrani kwa mzee wa Bagamoyo

Mzee wangu, shikamoo. Sikukuuliza jina siku ile pale Bagamoyo, nilipokuwa nimekaa nje ya ukumbi na daftari lenye tamthilia yangu ya kwanza. Ulisoma kurasa tatu bila kusema neno. Kisha ukaweka kidole pale Zuhura anaposema, "Nina huzuni sana, baba amefariki," ukaniuliza: "Mwanangu, mikono yake inafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika midomo tu.

Ukanikumbusha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Ni tamthilia ya Vita vya Maji Maji, lakini inaanza na wanawake wanaozungumzia njaa. Ukaniambia pia nisome kila mstari kwa sauti, kwani ukinikwama mimi mdomoni, utamkwama na mwigizaji.

Usiku uleule nilifuta maneno ya Zuhura. Sasa anakunja kanzu ya baba yake, anaikunjua, anaikunja tena, na mama yake mlangoni anamwambia tu, "Chai inapoa." Tulipoigiza uani kwa shangazi, mbele ya watu kama 30 waliokaa mikekani, palikuwa kimya kabisa hapo kwenye kanzu. Mama mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Nilitamani sana ungekuwepo.

Ahsante sana, baba. Naandika ya pili sasa, na kila mhusika akiingia jukwaani natazama kwanza mikono yake.