Vifaranga wa kambamiti wapimwe kabla ya kuingia bwawani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wenzangu wa Moshi na Arusha ambao, baada ya kufuga sato na kambale katika mabwawa ya huku, sasa wanachangishana mitaji ili wakafuge kambamiti pwani, iwe Pangani, Bagamoyo au Mafia. Siwakatazi. Ninachowaomba wao, pamoja na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ni kwamba asiingizwe bwawani kifaranga yeyote wa kundi ambalo halijapimwa virusi kwa kipimo cha PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, na majibu ya kipimo hicho akabidhiwe mnunuzi kwa maandishi.

Ugonjwa ninaouhofia zaidi ni ule wa madoa meupe, uliojitokeza Asia ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukafika katika mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, yaani kwa majirani zetu wa bahari hii hii. Virusi vyake vikishaingia bwawani vinaweza kuua karibu kambamiti wote ndani ya siku 3 hadi 10. Mgonjwa huacha kula, huzubaa ukingoni, na mara nyingine huonyesha madoa chini ya ganda. Lakini wapo wanaobeba virusi bila dalili yoyote, na hapo macho ya mfugaji, hata awe mzoefu namna gani, hayawezi kumsaidia. Mzazi aliyeambukizwa huweza kuwarithisha vifaranga wake, na kaa wa mikoko nao hubeba virusi hivyo.

Binadamu hadhuriki kwa kula kambamiti huyo, kwa hiyo walaji wasiogope. Anayeangamia ni mfugaji.

Dawa ya ugonjwa huu haipo. Inasikitisha kuona mtu akishauriwa kumwaga antibiotiki bwawani, kwani dawa hizo haziui virusi, na badala yake huzalisha bakteria sugu ambao siku moja watatudhuru sisi wenyewe. Hata ule ugonjwa mwingine unaoua vifaranga ndani ya mwezi mmoja hivi tangu wapandikizwe, ambao uliyatikisa mashamba ya China, Vietnam na Thailand kabla ya kufika Mexico mwaka 2013, na ambao kweli huletwa na bakteria wa jamii ya vibrio, hautibiki kirahisi, maana kinachoua ni sumu ya bakteria hao inayoharibu kiungo kinachofanya kazi ya ini na kongosho.

Kukausha bwawa, kutia chokaa na kuchuja maji yanayoingia ni mambo ya lazima, lakini hayafui dafu iwapo ugonjwa umeletwa ndani ya mfuko wa vifaranga. Australia, yenye karantini kali, iliingiliwa na madoa meupe mwaka 2016 katika mashamba ya Mto Logan, Queensland, na kambamiti wa mabwawa hayo wakalazimika kuteketezwa.

Hapa kwetu Tengeru ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Naiomba Wizara ikae na taasisi za namna hiyo, pamoja na TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wakubaliane ni wapi sampuli zitapokelewa, majibu yatatoka baada ya siku ngapi, na ada itakuwa kiasi gani, kisha watutangazie kabla wenzetu hawajanunua vifaranga.

Mfugaji wa samaki,
Moshi