Mama, uwani msitie sakafu kwanza

Asalaam alaykum mama, shikamoo. Mie mzima alhamdulillahi, baridi tu ndo inanitia adabu, huku Sheffield leo nimevaa soksi mbilimbili na vidole bado sivihisi. Nambie bibi mguu vipi, na huyo mdogo wangu kama anakwenda skuli kweli au anashinda bandarini na mshipi.

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Ati mjomba kasema zile pesa nlotuma itiwe sakafu uwani kote, kutoka mlango wa jikoni mpaka kule juu kwenye mti wa mkungu, na mkungu wenyewe ukatwe maana unachafua kwa majani. Mama naomba msubiri. Wallahi msubiri. Najua mjomba anawaambia watu mtoto wa dada kaenda Ulaya kusomea kumwagilia maua, na mie siku zote namwacha aseme, lakini hili la sakafu siwezi kunyamaza maana ndo hasa ninachosomea, usanifu wa mandhari, yaani kupanga ardhi, maji na mimea nje ya majumba.

Hebu n'kuhadithie. Mwaka wa kwanza tulipewa kiwanja tukichore, mie nikachora ramani mashaallah, maua, viti, vijia vya kuzunguka, rangi tele. Siku ya kuwasilisha unabandika kazi yako ukutani halafu walimu wanakaa mbele yako kama wazee wa posa. Mmoja kaangaliaaa, kimya, akauliza kitu kimoja tu: mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi? Nikatoa macho. Mie mtoto wa Wete, nlokulia kwenye mteremko, nlokuwa nikipokezana ndoo na wewe kutoa maji jikoni kila masika, sina jibu! Nlirudi chumbani nikalia, sikukwambia siku ile.

Basi toka hapo ndo nikaelewa maua yanakuja mwisho. Kwanza unapima ardhi, wapi juu wapi chini, dongo gani, maji yanaingia wapi yanatokea wapi. Huu mji wenyewe ulifurika Juni 2007, mto Don ukapanda mpaka watu wakafa. Sasa katikati ya mji kuna barabara pana ilopunguzwa, nusu yake wakaifanya mabonde ya kina kifupi yenye majani na maua, maji ya mvua ya barabarani yanateremkia humo yanazama polepole badala ya kukimbilia mtoni kwa mkupuo. Ukipita unaona maua tu. Nlivyosimama pale mara ya kwanza nikacheka peke yangu, maana nlikumbuka migomba na majimbi ya bibi pale yanapotokea maji ya bafuni. Bibi hajasoma hata siku moja, kazi ni ileile.

Sasa uwa wetu. Maji yanatoka kwa majirani wa juu, yanapita kwenye mkungu, yanateremka jikoni. Hivi sasa mengine ardhi inayanywa njiani. Mkitia sakafu hakuna kitakachonywa, yote yatakuja mlangoni kwa kasi, yakitoka kwetu yanaingia kwa jirani wa chini halafu tuanze kutazamana vibaya. Nnachotaka mie ni mtaro mpana, wa kina kifupi, ukatishe mteremko chini ya mkungu uyapeleke maji ubavuni kwenye migomba. Na sakafu mtie, ila kipande cha mlangoni tu pa kuoshea vyombo.

Mdogo wangu anifanyie kazi, ndo mradi wangu wa mwisho huu na walimu wameshaukubali. Achukue ule mpira wa kuonesha wa mafundi wa kupimia usawa, autie maji, anipimie mkungu uko juu ya mlango wa jikoni kwa kiasi gani. Halafu achimbe shimo la futi moja katikati ya uwa, amwage ndoo nzima, maji yakizama amwage ndoo ya pili na hiyo ndo aitazamie saa, inazama kwa muda gani. Asinidanganye, nitajua.

Kurudi bado mama. Nikimaliza digrii lazima nikae ofisini chini ya msimamizi, niandike kila nnachojifunza, halafu nifanye mtihani wa mdomo wa Landscape Institute, chama cha wasanifu wa mandhari huku Uingereza tangu 1929, ndo niitwe mtaalamu kamili. Nimeomba kazi ofisi nyingi, ilonijibu ni moja. Walinihoji kwenye video na mchoro walokaa nao muda mrefu ni ule wa jiko letu nlouchora kwa mkono, na ndoo zake.

Mjomba nisalimie sana, asinune. Kama saruji ishanunuliwa basi ijengewe zile ngazi za kwa bibi zilobomoka, asije akateleza tena na huo mguu.

Mwanao.