Barua kwa mwanangu: zamu ya usiku

Mwanangu,

Juzi uliponipigia saa tisa usiku nilidhani kuna msiba. Kumbe ulikuwa ukicheka na kulia kwa pamoja: umemtafuta mtoto kitanda kizima, umekung'uta shuka, umeinama uvunguni, naye yuko begani mwako amelala fofofo. Nikacheka nawe. Ulipokata simu sikulala tena. Niliketi barazani mpaka adhana ya alfajiri, nikiyafikiria magunia.

Sijawahi kukusimulia. Unajua nilikuwa karani wa tali pale bandari ya Kilindini, Mombasa, kazi ya kuhesabu shehena inavyoshuka melini: fungu moja la magunia, kijiti kimoja kwenye karatasi, vikifika vinne, cha tano unavikata. Kabla hujazaliwa, usiku mmoja baada ya kukesha siku tatu mfululizo, nilihesabu mafungu yale yale mara mbili na nikatia sahihi. Asubuhi hesabu yangu na ya meli zikakataana. Kosa lenyewe halikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba ningeapa. Nilisimama mbele ya msimamizi, karatasi mkononi, nikabisha mpaka sauti ikanikauka. Usingizi ukikuibia akili, huanza na ile ya kukujulisha kwamba umeibiwa.

Basi acha kujiita mama mbaya. Mtu akikaa macho kwa muda wa saa 17 mfululizo, wepesi wa mwili na akili yake huwa kama wa aliyekunywa pombe kidogo. Zikitimia 24, kama mlevi hasa. Haya yamepimwa. Na wewe una wiki saba za kulala vipande vipande. Mumeo naye mwambie hivi hivi, maana anaendesha tuktuk kutwa: akisinzia barabarani aegeshe, hata kama abiria atanuna.

Mtoto hana kosa. Wa umri wake hulala kama saa 14 hadi 17 kati ya 24, kumshinda hata paka wetu, ila ni saa mbili hapa, tatu pale, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa upesi. Usiku na mchana bado havijui. Vitaanza kumkaa mwilini akifika miezi miwili, mitatu. Asubuhi fungua madirisha aone mwanga na asikie kelele za mtaa. Usiku taa iwe hafifu, anyonye, asisemeshwe.

Mamako amepita nyuma yangu, amesoma, na amesema mambo ya kunyonyesha nimwachie yeye. Sawa. Ila kaniruhusu moja: usinyonyeshe kwenye kochi huku unasinzia. Mtoto huteleza katikati ya mito akakosa pumzi, nawe hujui. Ukiona macho yanafunga, mpe mwenzio au mlaze kitandani kwake, chali, godoro gumu, bila mto, chandarua juu. Na shangazi yako akikwambia umpe uji mwepesi ashibe alale, mwitikie kwa heshima na usimpe. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Methali hiyo nimeichoka. Kila aliyekuja kukutazama ndani ya arobaini aliitamka mlangoni, akanywa chai uliyompikia wewe mzazi, akaenda zake. Arobaini imekwisha, mamako amerudi nyumbani, na zile wiki mbili za likizo ambazo sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba aliyeajiriwa, mwenye tuktuk hapewi na mtu. Najua mlivyobaki.

Najua kwa sababu mamako nilimwacha hivyo hivyo. Wewe ulizaliwa Machi, joto la kaskazi halijapungua, chumba kimoja Majengo, pangaboi bovu. Nyanyako alikuja kutoka Lamu akamkanda kwa maji moto, akampikia supu yenye pilipili manga, na siku ya 41 akapanda basi. Wiki ile ile nilikwenda kwa msimamizi nikaomba zamu ya usiku. Nyumbani nikasema nimepangiwa. Posho ilikuwa nzuri, kweli, lakini sikuifuata posho. Nyuma ya ghala kulikuwa na kona tuliyotandika maturubali, na wakati wa mapumziko tulilala saa nzima bila kuguswa. Nilikuwa nikienda kazini kulala.

Na magunia nilikuwa nimeshayaona! Nilijua kukosa usingizi kunamfanya mtu nini. Asubuhi moja nilirudi nikakuta moshi chumba kizima, maziwa yameungulia jikoni, mamako amelala ameegemea ukuta, wewe mapajani mwake. Neno la kwanza kunitoka lilikuwa: chai iko wapi?

Bandarini saa ya zamu ikifika hakuna anayekuuliza kama bado una nguvu. Mwenzako anakupokea, unampa karatasi, unaondoka. Nyinyi wawili fanyeni hivyo. Mumeo arudishe tuktuk saa mbili, amchukue mtoto akishanyonya, ambeushe, ambembeleze, nawe ulale mpaka saa saba bila kuitwa ila njaa ikimshinda mtoto. Halafu umpokee. Saa tano za kufululiza zitakurudisha duniani kuliko kumi za kudokoa.

Jambo jingine, nalo sitaki ulifiche. Kulia-lia ile wiki ya kwanza na ya pili ni kawaida ya wazazi wengi. Wewe umeshazipita. Ukiona machozi hayakomi, au mtoto amelala na wewe huwezi kulala, au hutaki hata kumtazama, usingoje chanjo ya wiki ya 10. Nenda kliniki kesho yake, useme hivyo hivyo kwa nesi. Ni ugonjwa na una matibabu. Si jicho la watu wala si upungufu wa imani. Na ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, nipigie saa hiyo hiyo. Tutakwenda hospitali usiku huo huo.

Kabla ya kukutumia barua hii nimempa mamako aisome yote, pamoja na hilo la kuomba zamu, nililomficha miaka yote hii. Ameniuliza kama nilidhani hajui. Mashati alikuwa akiyafua yeye, na harufu ya turubali aliijua.

Jumamosi tunakuja saa tatu usiku. Mamako atalala na wewe chumbani, mimi na mumeo tutapokezana mtoto ukumbini. Usipike, usifagie. Mahamri tutakuja nayo. Na mlango usiutie komeo, tusije tukabisha hodi tukamwamsha.

Babako