Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2023

Wamama wapendwa,

Mwaka wetu ulikatika vipande viwili Alhamisi ya tarehe 4 Mei. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, hapa kwetu Kalehe, Kivu ya Kusini, Kongo. Mvua ilipiga milimani, mito ikashuka na mawe, ikapita Bushushu na Nyamukubi hadi Ziwa Kivu. Waliokufa walizidi 400, na miili mingine iliokotwa mbali, upande wa kisiwa cha Idjwi. Wauzaji wengi wa soko lile walikuwa wanawake, yaani sisi.

Kalehe ilikuwa imeshapokea wageni waliokimbia vita vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, hata ikawa vigumu kujua nani analala kwa nani. Waliojua ni wamama. Tulifungua madaftari ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana pesa: nani aliweka pesa juma lililopita, ana watoto wangapi, amempokea nani nyumbani. Hayo ndiyo tuliyotumia kutafuta watu.

Ila kamati ya misaada ilipoketi, sisi tuliitwa kupika. Tulikubali, na kosa hilo ni langu. Baada ya siku chache vitu vikagawiwa kwa jina la baba wa nyumba. Wajane wakapitwa, na hasa wale wakimbizi wa Masisi waliokuja bila kadi. Tukarudi na madaftari, tukakaa mlangoni mpaka wawili wetu wakapewa viti. Mzee mmoja aliuliza kama sasa tunataka kuwa machefu, yaani wakubwa. Nikamtajia kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006, kinachodai usawa wa mwanamke na mwanaume katika uongozi. Alinyamaza, ingawa nadhani kilichomshinda ni ule umati mlangoni.

Viti hivyo vilileta jambo moja ambalo wanaume hawakulifikiria: vyoo vilivyopangwa kando ya vichaka, njia ya wenye silaha, vilisogezwa karibu na mahema.

Likelemba yenyewe ililala miezi kadhaa, na mafunzo ya ushonaji hayakufanyika. Mweka hazina atasoma hesabu.

Kwa 2024 naomba mpige kura leo juu ya mambo mawili. Kila kikundi kiwe na daftari la pili, litunzwe katika nyumba iliyo mahali pa juu, na majina ya wageni yaandikwe humo. Tena wanachama wa milimani wapewe salio la simu, watuamshe mto ukianza kubadilika rangi.