Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Jumamosi ya usafi isiwe siku ya kuchoma

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Yah: Taka zinazochomwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ombi la siku ya lori na ghala la pamoja

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Tunakuandikia sisi wanakikundi tunaojitolea kukusanya na kuchambua taka katika vijiji vya mwambao, mkoani Tanga. Tumeamua kuandika hadharani kwa kuwa jambo hili si la kijiji kimoja. Wenzetu wa vijiji jirani watasoma, na hesabu tulizoziweka humu zinawahusu wao kama zinavyokuhusu wewe.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka kweli, na hilo tunalishukuru. Saa 12 asubuhi mafagio, reki na matoroli yako barabarani. Ikifika saa 3 limekwisha simama lundo moja nyuma ya soko: majani ya miembe, mchanga, maganda ya mihogo, pampasi, chupa za maji, makopo ya soda, waya, ndala zilizokatika. Kisha linatiwa kiberiti. Taarifa inaandikwa kwamba usafi umefanyika, na eneo kweli linaonekana safi. Ndugu Mkurugenzi, hapo ndipo kazi ya mwezi mzima inapoharibika.

Moto wa lundo la wazi hauna joto wala hewa ya kuteketeza taka mbichi. Unafuka tu, mara nyingi hadi usiku. Mabomba ya PVC, ngozi bandia na maganda ya waya yakifuka hivyo hutoa dioksini, ambayo ni sumu kali, na mvuke wa tindikali ya hidrokloriki, na nyumba za karibu hulala na moshi huo. Kopo la alumini linayeyuka kwenye nyuzi joto 660. Hata lisipofika huko hutoka limeliwa na moto, lina masizi, na mnunuzi hulishusha bei au hulikataa. Linalotuumiza zaidi ni majivu. Watu huyabeba kwenda kutia bustani za mchicha wakidhani ni sawa na majivu ya kuni, kumbe ndani yake yanaweza kuwa na metali zenye sumu, risasi na kadimi, kutoka kwenye betri na rangi. Majivu ya lundo hilo yasiguswe na mkulima yeyote.

Ombi letu la kwanza kwa hiyo halina gharama. Toa maelekezo kwa watendaji wa vijiji wote kwamba siku hiyo taka zichambuliwe palepale zinapofagiliwa, na kiberiti kisiwashwe. Mafungu matatu yanatosha: zinazooza, zenye mnunuzi, na zisizo na mnunuzi. Tukiweka mafungu saba, ikifika saa 4 watu wamechoka na kila kitu kinarudi kuchanganyika.

Katika fungu lenye mnunuzi, chupa za maji na soda ndizo nyingi, nazo ndizo zenye mtego. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 70 na 100. Gunia la kilo 100 la mahindi ukilijaza chupa zisizobanwa hubeba kilo chache tu, kwa sababu kilichomo ni hewa. Lori la tani 7 linajaa mpaka juu kabla halijafikisha hata tani moja. Hii ndiyo sababu wanunuzi wa mjini hawaji: mafuta ya lori yanazidi bei ya mzigo. Si kwamba plastiki yetu haina soko, wala si kwamba wanakijiji ni wavivu, kama inavyosemwa kwenye vikao.

Dawa yake ni kubana. Mashine ya kubania inaweza kutengenezwa na fundi seremala na fundi wa kuchomelea wa hapahapa. Ni sanduku la mbao nene lenye sentimita 60 kwa 60 ndani na kimo cha sentimita 120, mlango mmoja wa mbele unaofunguka wote, kifuniko cha mbao kinachoshuka ndani yake, na jeki ya tani 10 ile inayotumika kwenye malori. Makosa yanayojirudia tunayaandika hapa ili fundi yeyote atakayepewa kazi asiyarudie. Jeki hiyo haifanyi kazi ikipinduliwa. Inatakiwa isimame juu ya kifuniko, na kichwa chake kisukume boriti iliyo juu ya sanduku. Boriti ikiwa ya mbao hupasuka. Iwe chuma cha chaneli, na ishikwe na vyuma vinavyopita pande zote mbili hadi chini ya sanduku, la sivyo jeki itaing'oa. Mwendo wa jeki ni mfupi, kama sentimita 15, hivyo viandaliwe vipande vya gogo vya kuongezea kila inapofika mwisho. Waya nao utandazwe kwenye mifereji ya sakafu ya sanduku kabla ya kumwaga chupa ya kwanza. Ukisahau, robota, yaani mzigo wa chupa zilizobanwa, likishakamilika hakuna mahali pa kuupitisha, na kazi yote inaanza upya.

Vifuniko vya chupa vitolewe kwanza. Chupa iliyofungwa inashikilia hewa, inakataa kulala, na ikibanwa sana inapasuka kwa kishindo. Jaza, bana, jaza tena, bana, mara kadhaa. Kisha acha shinikizo likae robo saa kabla ya kufunga, kwa kuwa plastiki ya chupa ina tabia ya kurudi. Waya mmoja wa kufungia nondo hukatika, kwa hiyo usokote mitatu pamoja. Robota la kimo cha sentimita 70 hutoka na kilo 30 hadi 40, na watu wawili wanalibeba. Lisikae juani. Jua la pwani hukausha plastiki ikawa ya kuvunjika, na robota lililokaa wazi miezi kadhaa linafika kwa mnunuzi likiwa vigae.

Vifuniko havitupwi, ila ni plastiki nyingine na huuzwa peke yake. Vikichanganyika na vipande vya chupa, ndoo ya maji inavitenganisha: kifuniko kinaelea, kipande cha chupa kinazama. Lakini PVC pia inazama, na kiasi kidogo tu kinaharibu mzigo mzima ukiyeyushwa, kwa hiyo vipande vya bomba viondolewe kwa macho na mikono mapema. Chupa iliyowekwa mafuta ya taa au ya kula iwekwe kando. Madumu ya njano hatuyahesabu. Hayafiki kuwa taka, mwenye nyumba ana kazi nayo mpaka yatoboke.

Sasa tazama hesabu hii, maana ndiyo iliyotufanya tukuandikie wewe badala ya mwenyekiti wetu wa kijiji. Ili safari ya lori ilipe, tunahitaji angalau tani 2. Hizo ni marobota kati ya 50 na 67, sawa na chupa 140,000 hadi 200,000. Hakuna kijiji cha mwambao kitakachozipata peke yake kwa muda wa maana. Vijiji vinane au kumi vikiweka pamoja, vinazipata. Hakuna mwenyekiti mwenye mamlaka juu ya vijiji kumi, ila Halmashauri inayo. Kuna maghala ya zamani ya ushirika yaliyobaki matupu katika tarafa. Moja likitengwa, likazibwa mapaa na kuwekewa mizani, mashine moja ya kubania itatosha vijiji vyote, na mnunuzi atajua ni tarehe gani aje.

Tunajua utatuelekeza kwenye mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ule wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tunauheshimu mpango huo, nao unafaa kwa mtu wa kushona au kufuga kuku. Hapa haufai. Mkopo una ratiba ya marejesho, ilhali mzigo wa kwanza utauzwa baada ya miezi kadhaa. Bei ya chupa nayo inapanda na kushuka, kwa sababu plastiki mpya hutokana na mafuta, na mafuta yakishuka viwanda hununua mpya. Wanaojitolea wasiingizwe kwenye deni kwa ajili ya kazi ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeiweka kwenye mamlaka za serikali za mitaa.

Fungu la zinazooza ni zaidi ya nusu ya uzito wote, na hilo kijiji kinalimaliza chenyewe bila lori. Tunachoomba ni eneo lenye kivuli karibu na soko. Lundo la mboji liwe na mita moja kila upande; likiwa dogo kuliko hapo halipati joto. Weka majani makavu ndoo tatu kwa ndoo moja ya maganda mabichi, samadi kidogo kati ya tabaka, na maji kiasi kwamba ukikamua kiganjani linatoka tone moja au mawili. Chomeka nondo katikati. Siku ya nne ukiichomoa na huwezi kuishika, lundo linafanya kazi. Likinuka kama mkojo, mabichi yamezidi. Mchwa wakiingia, limekauka. Makumbi ya nazi yasitiwe ndani maana yanachelewa mno kuoza. Yapangwe chini kabisa yapitishe hewa. Ukiligeuza kila wiki, miezi miwili hadi mitatu linakuwa tayari.

Usafi wa ufukweni nao haufuati Jumamosi, unafuata mwezi wa angani. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu yanayopanda mita 3 na zaidi, ndiyo yanayoacha taka kwenye mstari wa juu wa mchanga, na katika msimu wa upepo wa kusi huja nyingi zaidi. Siku mbili au tatu baada ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, ndio wakati wake. Ukisubiri Jumamosi iliyoangukia maji mafu, yasiyopanda sana, nyingi zimeshafukiwa na mchanga au zimeingia kwenye mikoko na kulala juu ya mizizi ya mchu, aina ya mkoko, ile inayochomoza kupumua. Tunaomba mahudhurio ya siku hizo yahesabiwe kuwa usafi wa mwezi, ili mtu aliyeshinda kwenye tope Jumanne asidaiwe tena Jumamosi.

Zinabaki pampasi, paketi ndogo za viungo na sabuni, na nyavu zilizooza. Hazina mnunuzi. Hizi tunaomba gari la Halmashauri lizichukue mara moja kwa mwezi, Jumatatu inayofuata usafi, zikiwa zimefungwa kwenye viroba na zimepimwa. Zikishatengwa hivi zitakuwa sehemu ndogo ya lundo unaloliona leo.

La mwisho ni sheria ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji umepitisha inayokataza kuchoma taka mchanganyiko na inayotaka kila duka liwe na kiroba cha chupa mlangoni. Haina nguvu mpaka iridhiwe na Baraza la Madiwani, nayo bado haijaingizwa kwenye ajenda.

Katika yote haya, tarehe ya lori ndiyo inayotangulia. Tukiijua hiyo, hata ghala likiwa bado, sanduku litachongwa na marobota yatakuwa tayari chini ya paa la shule siku hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wanakikundi wa kujitolea, vijiji vya mwambao

Nakala: Afisa Mazingira wa Wilaya, Maafisa Tarafa, Wenyeviti na Kamati za Mazingira za Vijiji